Timu saba, miaka 11 na barua moja ya siku 15

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa kwenye mpira ni huu: "Dogo, wewe funga tu, mengine yatakuja yenyewe." Nimeambiwa na makocha, nimeambiwa na mashabiki, nimeambiwa mpaka na kinyozi wa Chikongola, Mtwara, huku kiwembe kikiwa shingoni. Basi nikafunga. Hayakuja. Msimu wangu bora, magoli tisa, uliisha nadai mishahara mitatu. Msimu niliofunga mawili tu ndio uliofuatiwa na pesa nzuri ya usajili kuliko zote.

Mimi ni namba tisa wa kuzunguka. Timu saba ndani ya miaka 11, na hakuna hata moja niliyoanza nayo msimu wa tatu. Jukwaani sijawahi kuimbwa, na jezi yenye jina langu aliinunua shemeji yangu peke yake, tena akaomba apunguziwe. Lakini nimekula mpira, vyumba vitatu vimesimama Mikindani, na magoti yote mawili bado yanakunja. Straika wa kiwango changu akifika hapo, ajue kuna mambo amefanya nje ya boksi.

Tuanze na kalenda, maana vijana wengi wa kusini wanaisoma kinyume. Kila mtu anakimbizana na dirisha kubwa la usajili, la katikati ya mwaka. Mimi mikataba minne kati ya saba nimeisaini dirisha dogo, lile la Disemba na Januari. Sababu ya kwanza ni ya mpira: timu iliyo mkiani Disemba haitafuti mchezaji bora, inatafuta mtu wa kufunga Jumamosi inayokuja, na haina muda wa kukufundisha. Sababu ya pili ni korosho. Minada inafunguliwa Oktoba, malipo yanaingia, na wadau wanaozibeba timu zetu hizi ndogo wanakuwa na sauti. Ukimfuata mdau huyohuyo mwezi wa sita au wa saba, pesa yake iko kwenye salfa na vibarua wa kupulizia mikorosho. Atakwambia uwezo wako ameukubali, ila subiri. Utasubiri sana.

Na huku nafasi za juu ni chache. Ndanda wa Mtwara walipanda Ligi Kuu 2014 wakashuka 2020. Namungo wa Ruangwa wakapanda 2019, na msimu wa 2020/21 wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ukikosa mlango hapo, unaofuata unaweza kuwa Dar, zaidi ya kilomita 500 za barabara, au mbali zaidi. Kwa hiyo timu ya nje lazima ikuone kabla hujapanda basi.

Hapo ndipo video inapoingia. Mechi za Ligi Kuu unazipata kwenye televisheni. Ukiwa madaraja ya chini unajirekodia mwenyewe, na kosa la kila mtu ni kumpa mdogo wake simu asimame pembeni ya mstari. Utaonekana miguu na vumbi. Mimi nilikuwa nampandisha kijana juu ya bodi ya Fuso lililoegeshwa nyuma ya goli, upande wa kona, namlipa elfu tano na soda, kwa sharti moja: asinifuate mimi, afuate nusu nzima ya uwanja. Kocha anayejua kazi haangalii goli tu. Anaangalia ulikuwa wapi sekunde tano kabla. Dakika tatu zinatosha, vitu vitano bora viwe mwanzoni, weka duara dogo juu ya kichwa chako kabla mpira haujafika, na usiweke muziki. Kisha ambatanisha mechi moja nzima, hata kama umekosa goli la wazi ndani yake. Kocha mmoja aliniambia alinichukua kwa sababu ya hiyo mechi nzima: baada ya kukosa, nilikimbia kumkaba beki wao.

Majaribio sitayasema sana. Hakuna atakayekupa pasi, kila mtu anatafuta ugali wake. Mpira upokonye. Na fika mapema uzoeane na winga wa upande wako, umsifie viatu.

Kuhusu kufunga kwenyewe, nina ujanja mmoja tu na umenilisha. Nikifika kiwanja kigeni navua viatu, natembea peku kwenye boksi zote mbili. Viwanja vyetu vingi vina mchanga uliojificha chini ya majani, na mbele ya goli, pale kipa anaposimama mazoezini kila siku, pana shimo. Unyayo unajua kabla ya jicho. Penye mchanga mpira unakufa, kwa hiyo krosi ya chini haitafika nguzo ya mbali, itafia nguzo ya karibu. Basi naelekea huko. Ila siendi moja kwa moja. Winga akiwa bado anahangaika na mpira miguuni, mimi nasimama nyuma ya bega la beki, upande asioniona. Anapoinua kichwa kutazama boksi, napiga hatua mbili kwenda nguzo ya mbali, hatua za kelele, mchanga usikike. Beki anageuza kiuno kunifuata. Kiuno kikishageuka nakata mbele yake kwenda nguzo ya karibu, na yeye anahitaji hatua nzima kurudi. Hiyo hatua ndiyo mshahara wangu. Sipigi kwa nguvu, naelekeza tu kwa upande wa ndani wa mguu. Kosa la kawaida ni kuanza mapema, kabla winga hajainua kichwa. Ukiwahi, unasimama ukingoja mpira, na beki anakuja kukupa salamu ya kiwiko.

Siku hizi naingia zaidi kutokea benchi, na vijana wanaona aibu kwa niaba yangu. Benchi ni darasa. Nakaa natazama mabeki wa kati tu: nani anageukia mguu mmoja, nani ana kadi ya njano, nani ameanza kushika bukta magotini. Kwa joto la pwani ya Mtwara, kuanzia dakika ya 70 yupo mmoja atakayeshika bukta. Nikiingia nasimama upande wake na sihami. Joto hilohilo linakumaliza na wewe. Maji matupu hayatoshi ukitoka jasho lile, kwa hiyo asubuhi ya mechi nachanganya pakiti ya dawa ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji kwenye lita moja kamili, si nusu lita eti iwe kali, nainywa taratibu mpaka mchana.

Mwili wa straika wa kukimbia mbio fupi huanza kukatikia nyuma ya paja. Kuna zoezi moja halihitaji jimu. Unapiga magoti juu ya kitambaa, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajishusha mbele mwili ukiwa umenyooka, polepole uwezavyo, ukishindwa unajidaka kwa mikono. Wiki ya kwanza mara tano, seti mbili, basi. Siku ya pili yake utashuka ngazi kama mzee, kwa hiyo usilifanye siku mbili kabla ya mechi. Viatu nabeba jozi mbili, vyote vya mtumba: vya vijino vifupi vingi kwa ardhi kavu, na vya vijino sita virefu kwa mvua zetu za Disemba mpaka Aprili. Mwenye jozi moja ya vijino virefu kwenye ardhi ngumu ya Septemba anakodisha maumivu ya kisigino.

Sasa mishahara, ambapo nimechezea ujinga wangu kwa ukamilifu.

Mara ya kwanza kudai, nilidai kwa miguu. Timu ilikuwa haijalipa miezi mitatu, wakubwa kambini wakasema, "Mjomba, hapa ni kuondoka tu, mkataba wameuvunja wao." Nikaaga nina msiba, nikabeba begi alfajiri, nikarudi nyumbani najiona mjanja. Klabu ikaandika barua: mtoro wa kambi. Januari timu nyingine ikanitaka, tukakubaliana mpaka chumba cha kukaa, wakaenda kunisajili, jina langu bado liko kwa klabu ya zamani. Dirisha likafungwa. Nusu msimu mzima nikawa mpiga ndondo, mechi za mitaani zisizo za ligi. Mechi moja nililipwa elfu thelathini. Nyingine jogoo. Fainali moja vijijini zawadi ilikuwa mbuzi wawili, nilifunga mabao mawili, nikagawiwa paja moja, nikapanda nalo bodaboda limefungwa kwenye mfuko wa salfa. Mechi iliyofuata nikaumia kifundo cha mguu, na kwenye ndondo daktari wako ni mke wako na maji ya moto.

Ndipo nikajifunza kinachotakiwa. Kanuni za FIFA ziko wazi: klabu isipolipa mishahara isiyopungua miwili katika tarehe zake, mchezaji anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, lakini kwanza aiandikie klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe deni lote. Bila barua, wewe ni mtoro.

Mara ya pili nilihesabu kurudi nyuma. Dirisha dogo msimu ule lilikuwa linafungwa katikati ya Januari, kwa hiyo barua ilikuwa lazima ifike mwanzoni mwa Disemba. Niliandika mistari minne: nadai mwezi wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja, jumla kiasi fulani, ilipwe yote ndani ya siku 15 tangu kupokelewa kwa barua, isipolipwa nitavunja mkataba kwa sababu halali. Nikaambatanisha taarifa ya benki inayoonyesha miezi mitatu mitupu. Hakuna matusi, hakuna kumtaja Mungu. Katibu akaisoma, akairudisha mezani.

"Kaka, muhuri anao mwenyekiti, na mwenyekiti yuko Dar."

"Haina shida, katibu. Nisainie tu kwenye daftari la barua."

"Daftari limejaa."

Nilitegemea hilo. Nahodha nilikuwa nimekuja naye kama shahidi, akasaini kwenye nakala yangu kwamba ameona barua ikikabidhiwa, saa nne na nusu asubuhi. Nikaituma tena kwa barua pepe ya klabu, ileile iliyochapwa juu ya mkataba wangu, na kwa simu ya katibu mbele yake. Alama mbili zikawa za bluu hata kabla sijatoka mlangoni.

Siku 15 hizo nilifanya mazoezi kuliko miaka yote. Kila asubuhi wa kwanza uwanjani, kila jioni picha na wenzangu, tarehe inaonekana. Ukikosa siku moja umewapa sababu. Siku ya 13 ukaingia mshahara wa mwezi mmoja. Kambi nzima ikanipongeza, "Tulia sasa, wameonyesha nia." Huo ndio mtego, na wengi huangukia hapo. Barua ilidai deni lote, na mwezi mmoja haulipi mitatu. Siku ya 16 nikapeleka barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, kwamba mkataba umevunjwa, na faili zima nikalifikisha kwenye kamati ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Kabla dirisha halijafungwa nilikuwa na timu mpya. Deni lililobaki lilinifikia kwa vipande, kipande cha mwisho kikiwa sawa na gunia moja la mchele.

Angalizo kwa anayetaka kuiga: hesabu pia timu ulizochezea. Ndani ya msimu mmoja unaweza kusajiliwa na klabu tatu, lakini mechi rasmi utacheza za mbili tu. Dakika kumi ulizoingia Agosti ukapiga mpira mmoja nje, nazo ni klabu moja. Nimeona mwenzangu akisajiliwa klabu ya tatu akaishia kubeba koni mpaka mwezi wa tano.

Mkataba wenyewe siku hizi nausoma kuanzia nyuma, maana mabaya hukaa huko. Kifungu cha klabu kujiongezea mwaka kwa hiari yake, nakikataa. Pesa ya usajili iliyoandikwa "italipwa baadaye", naomba tarehe. Vipimo vya afya nataka vifanyike kabla ya sahihi, kwa kuwa hairuhusiwi mkataba uliosainiwa kutegemea kufaulu vipimo, na ukiambiwa "saini kwanza, tutakupima kesho" ujue kesho wanaweza kugundua goti. Nakala yangu yenye sahihi zote naondoka nayo siku hiyohiyo, hata kama mashine ya kutoa nakala iko mtaa wa pili na nalipia mwenyewe.

Mkataba nilionao sasa unaisha tarehe 30 Juni. Kanuni inaniruhusu kuzungumza na klabu nyingine nikibakiza miezi sita, yaani kuanzia Januari mosi, wakati korosho zimeshalipwa. Simu iko chaji, na Fuso nimeshaliulizia.