Füssen, kwa watengeneza luti

Kutoka Munich hadi Füssen ni kama saa mbili kwa treni, na karibu abiria wote walikuwa wakienda kulitazama kasri la Neuschwanstein. Mimi nilifuata luti, ala ya nyuzi ya Ulaya ya zamani. Nimekulia Unguja, udi wa taarab umo masikioni mwangu tangu utotoni, na siku niliposikia rekodi ya luti nilidhani ni udi. Nilipoambiwa sivyo, sikutulia tena.

Füssen iko chini ya milima ya Alps. Mwaka 1562 mafundi wa hapa walianzisha chama chao, cha kwanza cha watengeneza luti barani Ulaya. Mbao zilitoka milimani, mto Lech ukazishusha hadi Augsburg, na njia ya wafanyabiashara wa Italia ilipita hapa hapa. Nafasi za fundi mkuu zilikuwa chache, kwa hiyo wengi walihamia Venice, Padua na Bologna na ufundi wao.

Makumbusho yamo katika iliyokuwa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Mang. Nilisimama sana mbele ya luti moja. Mgongo ni mbavu nyembamba za mbao zilizogandishwa ubavu kwa ubavu, tumbo lile lile la udi. Shingoni kumefungwa nyuzi za utumbo wa mnyama zinazomwonyesha mpigaji pa kubonyeza. Udi hauna hizo. Ulaya iliupokea udi kupitia Andalusia na Sicily, na mwishoni mwa karne ya 15 wapigaji wakaanza kuiacha risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, na kutumia ncha za vidole, wakaweza kupiga sauti kadhaa kwa pamoja.

Kando yangu alikuwepo mama wa makamo, naye anajifunza luti. Ujanani alipiga tungo za John Dowland kwa gitaa, hadi aliposikia sahani ya muziki ya mpigaji luti Julian Bream akajua zilitungiwa chombo kingine. Nikamwekea taksimu ya udi, muziki wa kubuni papo hapo, kwenye simu. Aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nyuzi zetu ni mbili mbili. Nikamjibu ndiyo, isipokuwa ule mnene kabisa, ambao mara nyingi huwa peke yake. Akacheka kwa furaha: kwenye luti yake ulio peke yake ni ule mwembamba kabisa. Tukarudi wote wawili kwenye kioo kuhesabu nyuzi.