Dirisha la Kaskazini Lilivyonifundisha Kuhusu Mwanga wa Mimea

Nilipohamia Kampala, mume wangu na mimi tulipanga nyumba ya ghorofa ya pili ambayo sebule yake ina madirisha mawili: kubwa linatazama kaskazini na dogo linatazama magharibi. Nilikulia Lushoto, kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, mahali ambapo kijani hakitafutwi, kwa hiyo kuta zile nyeupe zilinichosha mapema. Nikanunua miche minne kwa wauzaji wa kandokando ya barabara: mshubiri, sansevieria yenye majani marefu yaliyosimama wima, potosi unaotambaa wenye mabaka ya manjano kwenye majani, na violeti ya Usambara, ambayo niliichukua kwa sababu ya jina tu. Muuzaji aliniambia, "Nnyabo, hii ni ya ndani, haitaki jua." Kauli hiyo ilinigharimu mwaka mzima.

Niliipanga yote kwenye rafu ya pembeni, takribani mita nne kutoka dirishani, kwa sababu hapo ndipo ilipopendeza. Macho yangu yaliniambia kwamba pembe ile ina mwanga wa kutosha, kwani niliweza kusoma gazeti bila kuwasha taa. Baada ya miezi miwili potosi ulikuwa umerefuka kama kamba, majani yake yakiwa madogo na yameachana mno, na yale mapya yalitoka ya kijani kitupu bila baka lolote. Mshubiri ulianza kuegemea upande wa dirisha. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji, nisijue kwamba mmea ulio gizani hunywa kidogo sana. Mizizi ya mshubiri ikaoza nikautupa.

Hapo ndipo nilipoazima kitabu cha bustani kilichochapishwa Uingereza. Kilieleza kwamba dirisha la kusini ndilo lenye jua kali, na dirisha la kaskazini hupata mwanga tulivu usio na jua la moja kwa moja, unaofaa mimea ya kivulini. Nikaitii kanuni hiyo. Mwezi Januari nikaiweka violeti kwenye kizingiti cha dirisha la kaskazini, nayo ikatulia vizuri hadi Machi. Kufikia Juni majani yake yalikuwa na madoa meupe yaliyogeuka kahawia, kana kwamba yamebabuliwa kwa pasi.

Kitabu hakikukosea, ila kiliandikwa kwa ajili ya kwao. London iko kwenye nyuzi 51 kaskazini, na huko jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Kampala iko chini ya nusu digrii kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua huvuka utosi wetu mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Katika miezi iliyo kati ya Machi na Septemba jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi Juni huinama takribani nyuzi 23 kutoka utosini. Kuanzia Septemba hadi Machi huhamia kusini. Dirisha langu "tulivu", basi, hupigwa na jua nusu ya mwaka na kukaa kivulini nusu ya pili. Jirani wa chini, ambaye dirisha lake kama hilo limefunikwa na paa la baraza, hana shida hiyo kabisa, maana jua la huku huwa juu sana na upenu mpana hulizuia. Magharibi ni habari nyingine: jua la saa kumi alasiri huingia hapo kila mwezi, na ni kali.

Tangu hapo sikuyaamini tena macho yangu, kwa sababu hujirekebisha gizani bila kutuarifu. Adhuhuri huweka karatasi nyeupe pale ninapotaka kuuweka mmea, kisha huinua mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali maana yake ni mwanga mkali. Kivuli hafifu kinachotambulika ni mwanga wa wastani. Kivuli kisipoonekana, hapo ni gizani hata kama nasoma gazeti. Baadaye niliweka kwenye simu programu ya kupima luksi, yaani kipimo cha mwanga, ambayo si sahihi sana lakini inatosha kulinganisha sehemu mbili. Siku moja ya mawingu ilinionyesha zaidi ya luksi 4,000 kizingitini, kama 600 mita mbili ndani, na chini ya 100 kwenye ile rafu niliyoipenda. Nilipousugua wavu wa mbu uliojaa vumbi jekundu la barabarani, namba zilipanda bila mimi kuhamisha chochote.

Sasa sansevieria, ambayo ni mvumilivu, iko mita mbili ndani. Mshubiri mpya uko dirisha la magharibi. Niliuzoesha kwa kuusogeza kidogo kidogo kwa wiki tatu. Potosi umekatwa, umesogezwa karibu na dirisha, na mabaka yamerudi. Violeti, ambayo kwao Usambara huota kwenye miamba iliyotiwa kivuli na miti ya msituni, hukaa kizingitini Oktoba hadi Februari. Machi inapofika naihamishia mezani, mita moja kutoka dirishani, nyuma ya pazia jepesi. Mume wangu analalamika kwamba meza hiyo inamziba runinga. Violeti imechanua mara mbili mwaka huu, na meza bado iko palepale.