Mwaka 1342 kwenye hati za Lamu: to_date iliukubali bila kelele

Ukoo mmoja wa Mkomani, Lamu, ulitaka orodha ya hati zake za nyumba iingie kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Tarehe zilikuwa maandishi matupu, nikazipitisha kwenye to_date, amri yake ya kugeuza maandishi kuwa tarehe, kwa muundo wa 'DD-MM-YY', yaani siku, mwezi, na mwaka wa tarakimu mbili. Haikulalamika hata kidogo, afadhali ingelalamika. Bi mkubwa alipoiona orodha akauliza, "Mwanangu, nyumba hii tutainunua tukishakufa?"

"12-07-58" ilikuwa imegeuka 2058. PostgreSQL huusogeza mwaka wa tarakimu mbili uwe karibu na 2020: 70 hadi 99 huwa 1970 hadi 1999, na 00 hadi 69 huwa 2000 hadi 2069. Baya zaidi lilikuwa "03-05-1342", lililobaki 1342 vilevile. Kumbe hiyo ni Hijria, Jumada al-ula, yaani Desemba 1923. Kwa kompyuta, 1342 ni mwaka halali kabisa.

Dawa ilikuwa kupima mwaka kwa CASE, yaani masharti ya "ikiwa hivi, fanya vile", kabla ya to_date. Tarakimu mbili zilitanguliziwa 19, kwa kuwa wenyewe walithibitisha hawana hati ya baada ya 1999. Miaka ya 1250 hadi 1420 ilikwenda safu ya mwaka_hijria, na mwaka wa Miladia nikaukadiria: zidisha kwa 0.97, jumlisha 622. Siku sikuigusa, mwezi huandama, hauandamishwi na fomula. Maandishi ya asili yana safu yake, na CHECK, kanuni ya ukaguzi ya jedwali, inakataa tarehe yoyote iliyo nje ya 1850 hadi 1999.