Bafo zilizochakaa kwenye ndege ndogo za zamani: shona ufa, lakini kwanza tafuta kilichoupasua

Joto la silinda likipanda ndege inapopaa kutoka Lanet (Nakuru) au Kitale, lawama huangukia kaburata na plagi. Kwenye Cessna 150, Cessna 172 za mwanzo au Piper Super Cub za miaka ya 1950 na 1960, fungua kifuniko cha injini na uanze na bati. Bafo ni yale mabati membamba ya alumini yanayozunguka silinda. Kazi yake ni kuzuia upepo usipite mkato. Upepo unaingia mbele, unajibana juu ya injini, kisha unalazimika kushuka katikati ya mapezi ya kupozea ya silinda mpaka chini, ambako shinikizo la hewa ni dogo. Tundu lolote kwenye ukuta huo ni njia ya mkato, na upepo uliopita hapo haujapoza kitu.

Huku kwetu tundu hilo lina gharama kubwa kuliko pwani. Nakuru na Kitale ziko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa kama asilimia 17 kuliko ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28 pengo hilo linakaribia robo. Kisumu iko chini zaidi, lakini joto lake linarudisha sehemu ya hasara. Injini ya Lycoming O-320 ina kikomo cha nyuzi 260 za Selsiasi kwenye kichwa cha silinda, na inadumu zaidi ikiendeshwa chini ya 224. Bafo mbovu inaweza kula nafasi yote iliyo kati ya namba hizo mbili.

Usikate wala kutupa kitu kabla ya kukagua. Angalia ndani ya kifuniko: mpira wa kuziba ulio ukingoni mwa bafo ukigusa sawasawa huacha mstari safi uliosuguliwa. Pale mstari unapokatika na vumbi la murram limepita kama moshi, upepo unavuja. Kisha ingiza taa chini ya injini hanga likiwa giza na uchungulie kutoka juu. Mwanga unaopita kwenye mapezi ni sawa. Unaopita pembeni ya bati, kwenye kona za nyuma au kandokando ya nyaya za plagi ndio unaotafuta. Kagua pia vibati vidogo vilivyo chini, katikati ya silinda na silinda. Hivyo havionekani kirahisi, na ndiyo maana baada ya ukarabati mkubwa wa injini husahaulika mezani, au hurudishwa waya wake wa kushikilia ukiwa umelegea. Kimoja kikikosekana, silinda mbili zinakosa upepo upande wa chini, na hakuna kiraka cha juu kitakachosaidia.

Safisha kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma iache kando, kwa sababu chembe za chuma hubaki ndani ya alumini na kuanzisha kutu. Penseli ya risasi nayo usiitumie kuchora, kwani inaacha mkwaruzo na kaboni; chora kwa kalamu ya wino. Mpira wa zamani ulio mweusi, mgumu na wenye nyuzi za kitambaa unaweza kuwa na asbesto. Uloweshe maji, toa pini zake kwa koleo, uufunge kwenye mfuko, na usiupige msasa ukiwa mkavu.

Sasa nyufa. Karibu zote huanzia sehemu tatu: kona ya mkunjo isiyo na tundu la kupumzisha bati (tundu dogo linalozuia kona isipasuke), tundu la skrubu lililopanuka, na mahali bati linapokutana na bano gumu, yaani kipande cha chuma kinacholishikilia. Chanzo ni mtikisiko. Bati lisiloshikwa vizuri linachezacheza, linakuwa gumu, kisha linapasuka. Kwa hiyo ukiona ufa, tafuta bano lililovunjika au skrubu iliyopotea karibu nao. Ukishona ufa na kuliacha bano limevunjika, ufa mpya utatokea pembeni mwa kiraka.

Tafuta mwisho wa ufa kwa rangi ya kupenya (inayoingia ndani ya ufa na kuuonyesha), au kwa kioo cha kukuza, kisha toboa tundu la milimita 2.5 mbele kidogo ya ncha unayoiona. Tundu hilo linasimamisha ufa, haliutengenezi. Kiraka kinafuata: bati la aina ileile, unene uleule au hatua moja juu. Bafo nyingi ni za milimita 0.8 hadi 1.0. Kwa vipande vyenye mikunjo mingi napenda aloi ya alumini ya 5052-H32, kwa kuwa inakunjika bila kulalamika kwenye mkunjo wenye nusukipenyo cha milimita 1.5. Aloi ya 2024-T3 ina nguvu zaidi, lakini nusukipenyo cha ndani cha mkunjo kiwe angalau mara 3 au 4 ya unene, na haichomelewi kwa gesi. Bati la sufuria kutoka soko la Kibuye liache lipike ugali: ni laini mno, na halina karatasi inayosema ni aina gani. Nunua bati lenye chapa na cheti, na unapokata acha kipande chenye chapa kiwe cha mwisho.

Kunja kukatiza mkondo wa bati (mistari ya upande lilikovingirishwa kiwandani), usifuate mkondo. Lainisha kingo kwa tupa kabla ya kukunja, kwa sababu kila alama ya meno ya mkasi ni ufa unaosubiri. Palipo na mikunjo miwili inayokutana, toboa tundu la kupumzisha kwanza.

Riveti ya AN470AD4 ya milimita 3.2 inatosha kwa kazi nyingi. Toboa kwa drili namba 30, yaani milimita 3.26. Urefu ni unene wa mabati yote pamoja na mara moja na nusu ya kipenyo. Kwa mabati mawili ya milimita 0.8 unapata milimita 6.4, ambayo ni AN470AD4-4. Kutoka ukingoni acha milimita 6.4 au zaidi, na kati ya riveti na riveti isipungue 9.6, mimi huona 15 hadi 20 inakaa vizuri kwenye bafo. Kichwa unachopiga kiwe na upana wa milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Kikiwa bapa kuliko hapo umepiga mno, na bati jembamba litakuwa limeshavimba kuzunguka riveti. Kabla ya kufunga, tenganisha mabati, ondoa vinyweleo vya bati vilivyoachwa na drili, paka praima ya zinki pande zote mbili. Unyevu wa ziwani unapenda sana kujificha katikati ya mabati mawili.

Tundu la skrubu lililopanuka lisifunikwe tu kwa washa (pete bapa ya skrubu) kubwa. Weka kibati cha kuongeza unene, riveti mbili au tatu, kisha toboa tundu jipya kwa kipimo sahihi.

Kipande kikiwa kimekwisha kabisa, chenyewe ndicho ramani. Kinyooshe polepole kwa nyundo ya mbao, chora umbo na matundu kwenye kadibodi, ijaribu kwenye injini, halafu ndipo ukate alumini. Injini hutikisika sana inapowashwa na kuzimwa, hivyo kati ya ukingo wa bati na kifuniko acha kama milimita 10. Nafasi hiyo inazibwa na mpira wa silikoni wenye kitambaa ndani, unene wa milimita 2.4 au 3.2. Mpira uinamie upande wenye upepo mwingi, ndani na mbele, ili upepo wenyewe uusukume kwenye kifuniko. Ukiinamia nje, unafunguka kama mlango kila ndege inapoongeza kasi. Kwenye kona kata na upishanishe. Mkunjo uliokunjamana huacha mdomo wazi. Funga kwa riveti za alumini na washa pana upande wa mpira, kila sentimita 2.5 hivi.

Silikoni ya kujaza ni ya mianya midogo tu, na isiwe ile yenye harufu ya siki, kwani asidi yake inakula alumini. Usizibe njia ya kutokea upepo chini ya silinda.

Kazi hii inatiwa sahihi na fundi mwenye leseni ya KCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya), na namba ya bati pamoja na aina ya riveti ziandikwe kwenye kitabu cha injini. Fungua kifuniko baada ya safari ya kwanza, halafu tena baada ya saa 25. Angalia mstari kwenye kifuniko, na upitishe kucha kwenye kila riveti: yenye vumbi jeusi kuizunguka imeshaanza kucheza.