Lililochipua ndani ya magazeti

Juzi mwanangu mdogo alikuwa ananichagulia vitunguu jikoni, akanyanyua kimoja kilichotoa jani la kijani refu kama kidole. Kikapu chenyewe kinaning'inia kwenye msumari, hakina udongo wala tone la maji. "Mama, hiki kimekunywa maji ya nani?" Nikamjibu kimekunywa ya kwake mwenyewe. Kisha nikabaki nimekishika mkononi mpaka mafuta yakaanza kufuka moshi.

Nilikuwa nimesharudi Amani, kijiji cha milima ya Usambara, kwenye kibaraza chenye bati linalovuja, masika ya 1998.

Mvua za El Niño zilikuwa zimeiacha milima imelowa hadi mifupani. Safari ya kutoka Muheza sitaisimulia, maana aliyepita barabara ile wakati wa tope haihitaji, na asiyepita hataamini. Tulikuwa wanne: mtaalamu wa okidi, dereva, mimi niliyeshika magazeti na lebo, na mzee wa Kishambaa aliyetuongoza msituni, ambaye sote tulimwita Babu. Kibali tulichokuwa nacho kilikuwa cha sampuli zilizokaushwa tu. Mmea hai haukuruhusiwa kutoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kurudia nyayo. Tangu Wajerumani walipoanzisha taasisi yao pale Amani mwaka 1902, mimea ya Usambara ilichumwa, ikakaushwa, na mingi ikapelekwa Berlin kupewa majina. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 hebaria ya Berlin, yaani hifadhi yao ya mimea iliyokaushwa, ilipigwa bomu ikaungua, na mkusanyo wa okidi wa mtaalamu wao Rudolf Schlechter ukateketea. Fikiria maana yake. Jina limebaki kitabuni na mistari michache ya Kilatini, lakini mmea wenyewe, ule ulioshikwa na aliyeutaja, ni majivu. Hebaria ya Amani yenyewe ilihamia Nairobi mwaka 1950, na huko ndiko kwa kuulizia kwanza. Pasipokuwa na jibu huko, mtu hana budi kurudi mlimani, kwenye mwinuko uleule na majira yaleyale, atafute upya.

Watu wakisikia okidi hufikiria lile ua kubwa la dukani. Za Usambara nyingi ni ndogo mno. Zipo za Aerangis, nyeupe, zenye mkia mrefu wa asali nyuma ya ua, ambazo harufu yake haitoki mpaka giza liingie kwa sababu mgeni wanayemngoja ni nondo. Lakini nyingi ni kama Polystachya, zenye ua la ukubwa wa punje ya mbaazi, rangi ya kijani iliyochujuka, na unaweza kupita chini yake miaka kumi usilione.

Babu alitukataza kukwea miti. "Tazameni chini, mvua imewashushia." Alikuwa sahihi, na tangu siku ile sijafanya kazi hii kwa njia nyingine. Tawi kubwa likianguka huja na wapangaji wake wote: kuvumwani, kangaga, okidi, na udongo uliokusanyika huko juu miaka na miaka. Ukilikuta majani yake bado ya kijani, umelipata ndani ya siku chache. Ukikuta mizizi ya okidi imekuwa ya kahawia na ukiiminya inatoa maji, umechelewa. Okidi ya juu ya mti haiwezi kuishi chini msituni, maana mwanga hauko, upepo hauko, na unyevu usiokauka huiozesha. Kwa hiyo ukichuma kwenye tawi lililoanguka, msitu hujaupunguzia kitu. Kwa zile zilizosimama, tulishika kanuni ya moja kwa ishirini: usipohesabu mimea ishirini pale ulipo, unapiga picha, unaandika, unaondoka.

Tawi letu lilikuwa la msambu, njiani kuelekea kilima cha Mbomole. Babu ndiye aliyeliona. Kichaka cha Polystachya kilikuwa kimeshika upande mmoja wa gome, vivimbe kama kumi na viwili, kila kimoja kirefu kama kifundo cha kidole changu cha mwisho, kimekunjana kidogo kama kitunguu kilichokaa sana. Kivimbe ni sehemu ya shina iliyovimba, nayo ndiyo mtungi wa mmea. Mizizi ilikuwa myeupe. Niliipitishia kidole kilicholowa na rangi ikageuka kijani mbele ya macho yangu, kwa sababu ile ngozi nyeupe ni kama sponji: ikinyonya maji huwa angavu, na ukijani wa ndani huonekana. Ua, ukilisogeza karibu, lilikuwa limesimama kichwa chini. Okidi nyingi hujizungusha kwenye kikonyo chake ili mdomo wake uwe chini, kama kibaraza cha mdudu kutua. Polystachya haifanyi hivyo. Mdomo wake uko juu, na sepali mbili za pembeni, yaani vijani vya nje vya ua, zimeungana zikafanya kifuko kama kidevu.

Niliandika kila kitu palepale, kwa penseli. Mwinuko mita 950. Mti mwenyeji: msambu, tawi lililoanguka. Rangi ya ua, kwa sababu rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Harufu: hafifu, asubuhi. Namba ya sampuli: 217. Maua mawili yaliingia kwenye chupa ya spiriti ya asilimia 70 yenye glisarini kidogo, ambayo huzuia petali zisiwe ngumu na kuvunjika, pamoja na kipande cha karatasi chenye namba ileile, nayo kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ndani ya spiriti, na ukishayeyuka una chupa ya maua yasiyo na kwao.

Sasa nije kwenye kosa, na kosa lilikuwa langu.

Mmea wa kawaida ukiuweka kwenye kibanio, katikati ya magazeti, hufa siku ya kwanza na hukauka kwa wiki. Kibanio ni fremu mbili za vipande vya mbao zinazokazwa kwa mikanda. Ndani yake hupangwa gazeti lenye mmea, kisha magazeti matupu ya kunyonya, kisha boksi lenye mifereji ili hewa ipite, halafu unaanza tena. Magazeti hubadilishwa kila siku kwa siku nne za mwanzo, kisha kila siku ya pili. Okidi yenye vivimbe haifuati utaratibu huu. Ngozi yake ina nta, na nyingi kati yake hufunga vitundu vya majani mchana kutwa, hufungua usiku tu. Ukiibana ikiwa hai, haijui kwamba umeiua. Huendelea kuishi kwa maji yake. Na kwa kuwa kila jani lina kiungio chake pale linapoota, mmea ukihisi shida huliachia. Wiki mbili baadaye unafungua gazeti unakuta vivimbe huku, majani kule, na maua yamegeuka uji.

Dawa yake ni maji yanayochemka. Unashika maua yakiwa juu, unachovya vivimbe na mizizi kwa nusu dakika hivi mpaka vibadilike rangi, unavifuta, kisha unavipasua kwa urefu kwa wembe ili unyevu upate njia ya kutokea. Ndipo unabana.

Jioni ile mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha na mkaa umelowa. Nikasema nitaichemsha kesho. Nikaiweka kwenye kibanio kama ilivyo, ndani ya ukurasa wa michezo wa gazeti nililonunua kwa kilo Ngamiani, mjini Tanga, nikakaza mikanda. Kesho yake tulipata okidi tatu za Bulbophyllum na jiko likapatikana saa nne usiku. Keshokutwa dereva alishikwa na homa. Kibanio cha namba 217 kikawa cha chini kabisa kwenye rundo, na kila nilipobadilisha magazeti nilianzia juu, nikaishia pale nguvu zilipoishia.

Nilikifungua siku ya kumi na tisa.

Kwanza ilikuja harufu, ile ya nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Ukurasa wa juu ulikuwa umeshikana na wa chini yake, nikauachanisha polepole kwa ncha ya kisu. Majani yote yalikuwa yameachia. Yalilala pembeni, meusi, yamefunikwa na ukungu wa kijivu. Mahali pa maua palikuwa na doa la kahawia, na herufi za gazeti zilijiandika juu yake kinyumenyume. Nikafunua vivimbe nikitegemea uozo.

Vilikuwa vigumu. Viwili tu vilikuwa vimelainika, vingine vilikuwa vimekunjana zaidi kuliko tulivyovichuma, lakini vikavu na vizima. Na kwenye kitako cha kile cha pembeni palikuwa na chipukizi. Lilikuwa refu kama nusu ya kidole, jeupe kama mshumaa, na halikuwa limenyooka. Lilikuwa limeingia kwenye mfereji mmoja wa boksi kupitia mahali palipochanika, likaufuata mfereji ule mpaka ukingoni mwa kibanio, na pale lilipochungulia nje, kwenye mwanga, ncha yake ilikuwa ya kijani. Chini yake mzizi mpya mmoja ulikuwa umejigandisha juu ya jedwali la msimamo wa ligi. Nilijaribu kuunyanyua, karatasi ikaja nao.

Sikumwita mtu. Babu alipita na kuni, akasimama, akaweka mzigo chini. Akainama akatazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote nilichobana. "Mwanangu," akasema, "huyu bado yu hai."

Mtaalamu wetu alikuja baadaye, naye hakunikemea, jambo ambalo lilinielemea zaidi. Alisema ukweli wa kazi. Mmea usio na jani wala ua haufai kuwa sampuli. Hata tukiuchemsha sasa, atakayeufungua baada ya miaka hamsini hatakuwa na cha kusoma. Maua mawili ya kwenye chupa yapo, lakini kwenye jenasi hii, yaani kundi hili la okidi, ua peke yake mara nyingi halitoshi, kwani unahitaji kuona kivimbe, majani na jinsi vinavyopangana. Kwa hiyo tulikuwa na ua lisilo na mmea, na mmea usio na ua, na katikati yao namba moja.

Ua la usambara tunalouziwa leo kwenye vyungu lilitoka milima hii na pwani hii ya Tanga. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa ukoloni wa Kijerumani, aliliona mwaka 1892, likamfikia baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina. Lile lilifika kule na uhai wake, ndiyo maana limejaa madirishani duniani. Letu lilitakiwa lifike likiwa limekufa vizuri, na kufa vizuri ndiko nilikoshindwa kulipatia. Tuliling'oa kwa ajili ya elimu, na elimu haikulipata. Hilo limekaa na mimi miaka yote hii, wala sijui niliweke upande gani, maana kama ningelichemsha jioni ile kama inavyotakiwa, chipukizi lile lisingekuwepo, nami leo ningesema nilifanya kazi yangu.

Babu alichana pindo la kanga kuukuu, akachagua msambu mchanga nyuma ya nyumba, upande unaopata jua la asubuhi. Aliisimamisha mizizi ikabili gome, vivimbe nje, akafunga mizunguko miwili, si kwa kukaza sana. Hakuweka kuvumwani. Alisema ikilowa kila saa itaoza, iachwe ikauke kati ya mvua na mvua. Kipande cha gazeti kilichoshikana na mzizi tulikiacha hapohapo.

Katika daftari la safari namba 217 haikupewa mmea mwingine. Namba ikishatolewa haitumiki tena, hata kilichoandikwa kikipotea. Nikaandika pembeni: maua kwenye spiriti tu. Chupa ile ipo mpaka leo. Maua yake yamekuwa meupe kama karatasi, na lebo ya penseli inasomeka.

Niliwahi kurudi mara moja, mwaka 2003, kwa shughuli nyingine kabisa. Msambu ulikuwa umenenepa. Kanga ilishaoza, umebaki uzi mmoja mwekundu. Mizizi ilikuwa imeuzunguka mti nusu, myeupe, imenata barabara, na nilihesabu vivimbe ishirini na saba, vyenye majani. Ua sikuliona, kwa kuwa nilikwenda Agosti, na ile tuliikuta imechanua Aprili.

Mwanangu anauliza kama kitunguu kile tunakikata au hatukikati. Bado kiko kikapuni.