Mbao Katika Dashibodi ya MGB ya Mwaka 1966

Gari langu ni MGB la mwaka 1966, gari la michezo la Kiingereza, la wazi lenye viti viwili, na jambo la kwanza ambalo sina budi kulieleza ni kwamba halikutoka kiwandani Abingdon likiwa na hata kipande kimoja cha mbao katika dashibodi yake. Dashibodi ya magari hayo ni bamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi yenye mikunjo midogomidogo, na wapo wapenzi wa gari hili wanaoamini kwamba bamba hilo ndilo sura yake halisi na halipaswi kuguswa. Ninawaheshimu, na hoja yao ndiyo iliyoniwekea sharti lililoongoza kazi nzima, yaani kwamba mbao yoyote nitakayoiongeza ikae juu ya chuma bila kukitoboa tundu jipya hata moja, na iweze kutolewa kwa bisibisi na spana siku ambayo mimi, au atakayelimiliki gari baada yangu, atataka kulirudishia hali yake ya kwanza.

Kabla ya kushika msumeno nilitumia muda mrefu kutazama jinsi watengenezaji wa Uingereza wa zama hizo walivyoitumia mbao katika magari ya michezo. Triumph TR4A ya mwaka 1965 ilikuwa na dashibodi iliyovikwa vinia, yaani karatasi nyembamba ya mbao halisi, ya mjozi, ule mti unaozaa jozi, na Lotus Elan nayo ilikuwa na uso wa mbao mbele ya dereva. Jaguar, ambao walizijaza mbao ya mjozi sedani zao, walipotoa E-Type mwaka 1961 waliibakiza mbao kwenye duara la usukani tu. Kwangu hilo lilikuwa funzo kubwa kuliko picha zote za mabanda ya maonyesho, kwa sababu lilinionyesha kwamba hata watu waliokuwa na mafundi wa kutosha na mbao ya kutosha waliona kuwa gari jepesi huharibika sura likivikwa mapambo mengi. Nikaamua kwamba mbao ya gari langu itakuwa sehemu tatu pekee: uso wa dashibodi, kifuniko cha kisanduku kilicho mbele ya abiria, na kirungu cha gia. Vipande vya mbao vya kufunika kingo za juu za milango nilivikataa, kwa kuwa mlango hubamizwa kila siku na ndio mahali pa kwanza maji ya mvua yanapoingilia katika gari la wazi.

Tatizo lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa unene. Mtu asiyewahi kufanya kazi hii hudhani kwamba ugumu uko katika kukata matundu ya duara, lakini kinachoamua kila kitu ni shingo za swichi. Swichi za gari hili ni za kijiti cha kromu, na kila moja hushikwa na nati ya duara inayofungwa kwa mbele kwenye shingo fupi yenye nyuzi. Ukiweka mbao nene kati ya chuma na nati hiyo, nati haipati nyuzi za kushika. Nilifungua swichi zote, nikapima kila shingo, na katika ile fupi kuliko zote nikakuta nafasi ya takriban milimita 3, basi. Hapo plaiwudi ya kawaida ya seremala ikawa haina kazi tena. Nilitumia plaiwudi ya mbao ya betula yenye unene wa milimita 1.5, nikaivika vinia ya milimita 0.6 mbele na nyingine ya unene uleule nyuma, na pamoja na laka, yaani rangi angavu ya kulinda na kung'arisha mbao, nikafika karibu kabisa na mpaka bila kuuvuka.

Vinia ya nyuma, ambayo hakuna macho yatakayoiona, si ya anasa. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, kukatisha nyuzi zake, kadiri inavyopokea na kupoteza unyevu, ilhali kwa urefu wake haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ubao uliovikwa upande mmoja tu huvutwa na upande huo na hatimaye hupinda kama ganda lililoanikwa juani. Ukiuvika pande zote mbili kwa vinia ya aina moja, huku nyuzi za vinia zikikatisha nyuzi za tabaka la nje la plaiwudi, nguvu za pande hizo mbili hulingana na ubao hubaki umenyooka.

Kuhusu aina ya mbao, niliichagua ya mjozi yenye nyuzi zilizonyooka badala ya ile ya vifundo ambayo wengi huipenda. Mbao ya vifundo ni nzuri sana kwenye meza, ambapo jicho lina uwanja mpana wa kutembea. Kwenye dashibodi ya MGB, geji mbili kubwa, geji ndogo, swichi na taa za ishara tayari zimejaza duara nyingi katika eneo dogo, na vifundo huongeza duara nyingine zinazogombana nazo. Nyuzi zilizonyooka, zikilazwa kutoka mlango hadi mlango, hulifanya gari lionekane pana na kuziacha geji zisomeke. Kifuniko cha kisanduku nilikikata kutoka katika karatasi ileile ya vinia, mahali palepale kinapokaa, ili mstari unaoanzia upande wa dereva upite juu yake na kuendelea bila kukatika. Kazi hiyo ilinilazimu kuharibu vinia nyingi kuliko nilivyopanga, na ningeifanya tena bila kusita.

Jaribio langu la kwanza lilishindwa, na lilishindwa kwa sababu ya gundi. Nilitumia gundi ile inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke kidogo, kisha vitu vikabandikwa kwa kugusana, kwa kuwa ni rahisi na haihitaji vibanio. Siku hiyo ilionekana safi. Baada ya majuma machache ya kuegeshwa juani, uso ukaota malengelenge kuzunguka matundu ya geji, na nilipoyabonyeza kwa kidole yakashuka na kuinuka tena. Uso wa dashibodi katika gari lililofungwa na kuachwa juani unaweza kupita sentigredi 70, na gundi ya namna hiyo hulegea kwa joto badala ya kubaki ngumu. Kila kilichobandikwa nikakibandua, nikaanza upya kwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ile inayostahimili joto, na safari hii nikaubana ubao kati ya mbao mbili nene zilizonyooka, huku karatasi ya plastiki ikizuia epoksi iliyovuja isishikamane nazo, kwa saa 24 kamili. Tangu hapo sijaona lengelenge.

Matundu niliyakata kwa kutumia dashibodi yenyewe ya chuma kama kigezo. Nililigandisha bamba la chuma juu ya mgongo wa ubao kwa utepe wenye gundi pande mbili, nikapitisha mashine ya kuchimbia mbao yenye kisu kinachotembea juu ya beringi ndogo, na beringi ikafuata ukingo wa chuma huku kisu kikikata mbao kwa umbo lilelile. Chini ya ubao, upande wa uso, niliweka ubao wa kutupa ili vinia isipasuke kisu kinapotokea. Mahali ambapo kisu hakikufika nilimalizia kwa tupa ya nusu duara, nikisukuma kutoka usoni kwenda mgongoni tu, kwa sababu pigo moja la kurudi nyuma latosha kuinua ukingo wa vinia, na ukingo ulioinuliwa hauponi vizuri. Kingo zote za matundu nilizinywesha epoksi nyembamba, kwani ndizo mlango wa unyevu.

Laka nilipaka matabaka mengi mepesi, nikilainisha kila moja kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400 hadi 2000 mwishoni. Nilichagua laka yenye kinga dhidi ya miali ya jua, maana mjozi hupauka juani, tofauti na mahogani ambayo hukolea. Yeyote atakayefanya kazi hii asipake laka karibu na gari lake. Dawa nyingi za kung'arisha plastiki na ngozi zina silikoni, na chembe yake ndogo ikifika kwenye mbao laka hukimbia na kuacha vishimo vya mviringo. Mimi niliufuta ubao kwa spiriti na kitambaa kipya kabla ya kila tabaka.

Upande wa umeme unahitaji utulivu. MGB la mwaka 1966 lina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeungwa mfululizo, na ncha iliyoungwa kwenye bodi ni ile chanya, kinyume cha mazoea ya magari ya leo. Nilizitenga betri kwanza, nikafunga kipande cha karatasi chenye namba kwenye kila waya, kisha ndipo nikagusa geji. Geji inayoonyesha shinikizo la oili pamoja na joto la maji ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu upande wake wa joto umeungwa na injini kwa mrija mwembamba wa shaba wenye etha, kimiminika kinachogeuka mvuke upesi, ndani yake. Mrija huo ukipasuka au ukivunjika kwa kukunjwa, upande huo wa geji umekufa, na hakuna kuujaza nyumbani. Niliilaza geji hiyo pembeni juu ya taulo, ikiwa bado imeungwa, na sikuisogeza hadi siku ya kuirudisha.

Hapa ndipo uamuzi wa kukiacha chuma mahali pake ulipolipa mara ya pili. Geji nyingi za wakati ule na taa zilizo ndani yake hukamilisha mzunguko wa umeme kupitia bodi zake kwenye chuma cha dashibodi. Anayeondoa bamba la chuma na kuweka mbao tupu hukuta taa hazimulikii na mshale wa mizunguko ya injini umelala, mpaka aivutie kila geji waya wake wa athi, yaani wa kuiunga na bodi ya gari. Kwangu mabano ya nyuma ya geji bado yanakanyaga chuma, na mbao imebanwa katikati na geji na nati za swichi zenyewe, bila skrubu hata moja. Kingo za juu na chini nazo nimezizungusha, kwa kuwa mbele ya magoti na uso wa mtu hapafai pembe kali.

Kirungu cha gia kilikuwa kazi ya jioni moja. Nilikichonga kwa mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini na hupata mng'ao kwa kusuguliwa tu, bila laka. Kwa kuwa una mafuta ya asili yanayoizuia epoksi kushika, tundu lake nililisafisha kwa asetoni kabla ya kugandisha kijiti cha shaba nyeupe chenye nyuzi, maana nyuzi zilizochongwa katika mbao yenyewe zisingedumu. Kirungu cha asili, pamoja na kifuniko cha chuma cha kisanduku, nimevifunga kwa kitambaa chenye oili kidogo na kuviweka katika sanduku lenye maandishi ya namba ya gari.