Siku moja na kuku wangu: nani anataga wapi, nani kaanza kuatamia

Saa 12 asubuhi

Nafungua banda, namwaga nafaka kidogo chini afu nasimama tu naangalia. Hii ni kazi kabisa, maana kuku wanaotembea huru wakihamisha kiota huoni kitu mpaka usome nyendo zao. Leo mwekundu hajatoka, yuko kwenye boksi lake anaatamia. Mweusi wa madoadoa yeye katoka mbio, upanga wake mwekundu umejaa vizuri, nampapasa ile mifupa miwili karibu na anapotolea yai, vidole vitatu vinapita kati yake bila shida. Yaani huyu anataga, ila bandani yai lake silioni. Basi ana kiota nje.

Saa 1

Nampitia mwekundu. Kuku aliyekaa kutaga anakaa nusu saa au saa nzima, anamaliza, anaondoka zake. Anayeatamia haondoki, unamkuta kajilaza bapa, macho kayakazia sehemu moja, ukisogeza mkono anajivimbisha manyoya na kunguruma, na akiona bado unakuja anadonoa. Nikipitisha mkono chini ya kifua nakuta ngozi tupu ya moto, manyoya ya hapo kayanyonyoa mwenyewe ili ngozi iguse mayai. Mimi napenda sana kuku wa hivi. Kinachomfanya awe hivo ni homoni inaitwa prolaktini, inapanda kutaga kunasimama, na kiota chenye giza na utulivu ambacho mayai yamelundikana kinamsukuma zaidi.

Saa 3

Namfuata madoadoa kwa mbali. Ukimkaribia anajifanya anapekua tu majani, anazunguka, anarudi alikotoka, kwa hiyo najishughulisha na fagio nikiwa nimempa mgongo nusu. Na usitegemee saa ya jana, maana kutoka yai moja hadi jingine zinapita kama saa 25 hivi, kwa hiyo kila siku anachelewa kidogo, ikifika mchana sana anaruka siku afu anaanza tena asubuhi. Mara kaingia nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani na hatoki. Simfuati humo ndani kabisa, ukimshtua anahama na unaanza upya kutafuta.

Saa 4 na nusu

Anakokoreka mpaka majirani wanajua, lakini anakokoreka akiwa ameshatembea mbali na kiota, ukikimbilia sauti unapotea. Naenda nyuma ya mbao, nakuta kishimo kimetandikwa majani makavu na mayai tisa, la leo bado lina joto. Nachukua yote isipokuwa mawili niliyoyatia alama ya penseli, maana ukikomba kila kitu kesho hatarudi hapo. Yale ya kula nayatumbukiza kwenye maji, linalolala chini ni zima, linaloelea juu natupa. Ila yai unalotaka kuja kuliatamisha usilitie majini wala kuliosha, lina utando juu ya ganda unaozuia vijidudu kuingia, liweke mahali pa ubaridi kiasi na lisizidi siku kama 7 hadi 10.

Saa 6 mchana

Mwekundu anatoka, na huu ndo muda ninaousubiri kuliko yote. Anatembea kajivimbisha huku anatoa ile kwo kwo kwo, anadondosha kinyesi kikubwa chenye harufu kali sana (kawaida kabisa, anakibana ili asichafue mayai), anakula haraka haraka, anakunywa, anaoga vumbi. Dakika 20 hivi. Mayai hayapati shida kwa kupoa muda huo. Shida ni kuku wengine, kiota kikibaki wazi tu mwingine anaingia kutaga humo humo. Ndo maana mayai yake yote yana alama, lisilo na alama nalitoa leo leo, likiachwa litakuwa nyuma ya wenzake na vifaranga vya kwanza vikishaanguliwa mama anaondoka navyo.

Nahakikisha pia amerudi kwenye boksi lake, kuku anaweza kukalia mayai ya boksi la jirani na yake yakapoa. Leo karudi sawasawa, kaweka mguu mmoja, akanyanyua kifua, akavuta yai la pembeni kwa chini ya mdomo mpaka likaingia, afu akajitikisa kushoto kulia akatulia.

Saa 10 jioni

Nabadilisha maranda na kukagua utitiri kwenye pembe za maboksi, kuku anayeatamia wanaweza kummaliza damu akiwa amekaa pale pale. Afu mweupe. Naye anataka kuatamia lakini amekonda, kifua mfupa mtupu, sitamruhusu. Namuweka kwenye kizimba cha sakafu ya wavu, kimeinuliwa hewa ipite chini, mwanga wa kutosha, chakula na maji, hakuna kiota. Siku chache hamu inakatika. Kumchovya kuku kwenye maji ya baridi sikubaliani nako hata kidogo, ni kumtesa bure.

Saa 2 usiku

Mayai ya mwekundu yametimiza siku 7, nayapima kwa tochi moja moja gizani. Yenye uhai yanaonyesha mishipa myembamba inasambaa kama mizizi kutoka kidoa cheusi, yaliyobaki meupe ndani natoa, yakikaa yanakuwa viza na likipasuka moja linachafua kiota kizima. Naandika kwenye kalenda siku ya 21, na kuanzia ya 18 sigusi tena, siku za mwishoni vifaranga vinalia ndani ya ganda na mama anavijibu.

Madoadoa akianza kulala nyuma ya mbao hapo hapaachwi, kicheche na nyoka wanafika. Nitamhamisha usiku, yeye na mayai yake, nimpe boksi lenye giza na nimfungie humo kwa muda, chakula na maji karibu, mpaka akubali kwamba hapo ndo kwake.